"Vijana ni wavivu", "watu wa kule ndivyo walivyo": dhana nne za sosholojia za kwenda nazo kwenye mdahalo

Jumamosi nilizungumza na kikundi cha vijana hapa mtaani kwetu, na wale ambao hawakuweza kufika wakaniomba niyaweke maneno yale kwenye uzi. Haya basi. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema, kwa hivyo msishangae mkisikia ninaongea badala ya kuandika. Sheria ya hapa ni ile ile: hatutaji jina la mwanasiasa wala la chama. Ukilitaja kwenye majibu nitakuomba uliondoe, halafu tuendelee.

Asanteni kwa kunialika. Niwaheshimu kwanza wazee na kina mama waliokuja kutusikiliza, maana mada ilitangazwa ni ya vijana lakini naona viti vya mbele vimejaa watu wa rika la mama yangu. Karibuni sana.

Nasoma sayansi ya siasa, na mojawapo ya masomo ya mwaka wa kwanza ni utangulizi wa sosholojia. Leo sitawafundisha somo zima. Nimechukua dhana nne tu, zile ninazozitumia kila nikisikiliza mdahalo wa siasa kwenye redio, kwenye runinga, au hata kwenye steji ya bodaboda. Dhana ni kama bisibisi. Haikuambii utengeneze nini, lakini ukiwa nayo mkononi unaweza kufungua kitu uone ndani kuna nini.

Sosholojia yenyewe ni nini? Ni elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja. Saikolojia itauliza: huyu mtu anawaza nini? Sosholojia itauliza: mbona watu wengi hivi, wasiojuana, wanafanya jambo lile lile? Mfaransa mmoja, Émile Durkheim, aliandika mwaka 1895 kwamba kuna mambo yaliyo nje ya mtu mmoja mmoja lakini yanamsukuma kila mtu. Aliyaita ukweli wa kijamii. Lugha ni hivyo. Pesa ni hivyo. Mahari ni hivyo. Ulizaliwa ukayakuta, na ukijaribu kuyapuuza ndipo unayasikia yakikubana. Hebu jaribu kuoa bila kupeleka chochote kwa wakwe, useme huo ni uamuzi wako binafsi. Wajomba watakuja kukueleza ukweli wa kijamii ni nini.

Sasa twende kwa hizo nne.

Ya kwanza: shida ya mtu na jambo la umma.

Sentensi ambayo mmeisikia mara mia: "Vijana wa siku hizi ni wavivu, wanachagua kazi."

Nina binamu yangu ambaye ana diploma ya umeme. Kwa miaka mitatu ametuma maombi ya kazi, amepiga kopi za vyeti, amelipa nauli kwenda mahojiano ambayo baadaye aliambiwa nafasi ilikuwa na mtu tayari. Sasa anaendesha pikipiki ya mwenyewe mwingine, na kila jioni lazima apeleke hesabu, abiria wawepo wasiwepo. Kwenye mkutano mmoja wa hadhara, mgombea alisimama akasema shida ya vijana wa eneo letu ni uvivu. Watu walipiga makofi. Binamu yangu naye alipiga makofi. Nilipomuuliza tukirudi nyumbani, aliniambia, "Labda ni kweli. Labda mimi ndiye sijajitahidi vya kutosha."

Hapo ndipo namleta C. Wright Mills, msomi wa Marekani. Mwaka 1959 alitoa kitabu kilichotenganisha vitu viwili: shida ya mtu binafsi, na jambo la umma. Mfano wake ni wa ajira. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, mwangalie yeye: ujuzi wake, tabia yake, nafasi alizopata. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, huwezi kupata jibu kwa kuchunguza tabia ya mmoja mmoja. Mpangilio wenyewe wa nafasi ndio umevunjika.

Tuje kwetu. Mwaka 2023, watahiniwa karibu 900,000 walifanya KCSE. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, ni kama 200,000. Hao wengine wanaenda vyuo vya ufundi, mashambani, na mitaani kama sisi hapa. Nao takwimu za KNBS zinaonyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba zaidi ya kazi nane katika kila kumi nchini ziko jua kali: hazina barua ya ajira, hazina likizo, na kwa kawaida hazina pensheni.

Sasa niambieni. Uchumi ambao kazi zake nyingi ni za kujitafutia, ukiwaona vijana wengi wanajitafutia, huo ni uvivu? Mtu anaamka saa kumi alfajiri akapange nyanya, wewe unamwita mvivu? Tena wavivu wapo, siwakatai. Kila kizazi kina wake. Lakini uvivu haupandi na kushuka pamoja na riba ya mikopo na bei ya mafuta. Ajira inapanda na kushuka hivyo.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu jina unaloipa shida ndilo linaamua nani atawajibika. Tukikubali kwamba ni uvivu, basi dawa ni mahubiri, na anayehubiri ameshamaliza kazi yake pale jukwaani. Tukisema ni jambo la umma, basi ana maswali ya kujibu: bajeti imeweka nini kwa viwanda? Kandarasi za serikali zinawafikia vijana wangapi? Umeme wa karakana unagharimu kiasi gani? Makofi ya binamu yangu yalimwondolea mtu maswali hayo.

Ya pili: hadhi ya kuzaliwa nayo na hadhi ya kujipatia.

Sentensi ya pili: "Watu wa kule ndivyo walivyo. Hawapendi shule. Wanapenda vita na mifugo tu."

Mwaka 1936, mwanaanthropolojia wa Marekani, Ralph Linton, alieleza kwamba kila mtu kwenye jamii ana hadhi za aina mbili. Kuna zile unazopewa bila kuulizwa: jinsia, umri, ukoo, mahali ulipozaliwa. Halafu kuna zile unazozipata kwa juhudi: kuwa daktari, fundi, mwenyekiti wa chama cha akiba. Wanasiasa wote wanapenda kusifu hii ya pili. "Nilianza bila kitu, na wewe unaweza." Ni sawa. Lakini hadhi ya kwanza ndiyo inayoamua unaanzia wapi mbio hizo.

Chukueni kaskazini mwa nchi yetu. Wakoloni walipojenga reli kutoka Mombasa, wakianza mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, shule, hospitali na masoko vilifuata njia ile na mashamba ya walowezi. Tukapata Uhuru. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Kikao Nambari 10, ulioeleza njia ya uchumi wa Kenya huru. Ndani yake kulikuwa na hoja kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta mavuno makubwa zaidi kwa haraka: penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Kwa mhasibu hoja hiyo ina mantiki. Lakini tafsiri yake mashinani ni kwamba aliye nacho aongezewe, na asiye nacho asubiri.

Ongezeni hapo kwamba eneo la Kaskazini Mashariki liliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Mtu aliyezaliwa huko siku ya Uhuru alifikisha karibu miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria za kawaida kama Mkenya wa Nakuru. Na kwa miongo mingi, lami ya kuelekea kaskazini iliishia Isiolo.

Sasa mtoto akikosa shule kwa sababu iko kilomita nyingi, na mwalimu ameondoka kwa kuhofia usalama, tunasemaje? "Hawapendi shule." Tumechukua matokeo ya maamuzi ya miaka mingi tukayaita tabia ya watu. Sosholojia inaita hayo maamuzi yaliyorundikana muundo wa jamii. Muundo hauonekani kwa macho kama ukuta, lakini ukitembea utagongana nao.

Katiba ya 2010 ilikubali jambo hili. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa ipelekwe kwenye maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa maji, barabara, hospitali na umeme, kwa muda wa miaka 20. Huwezi kuweka kitu kama hicho kwenye Katiba ikiwa unaamini shida ni tabia ya watu. Kwa hivyo mkisikia mgombea anasema "watu wa kule ndivyo walivyo", muulizeni hazina hiyo imefanya nini kule, na imebaki na miaka mingapi.

Ya tatu: nafasi na kaida.

Hii inatuhusu sisi wenyewe, kwa hivyo msinikasirikie.

Ukiwa na hadhi fulani, jamii inakutarajia ufanye mambo fulani. Mwalimu afundishe, mama mkwe aheshimiwe, mchungaji aombe. Hayo matarajio ndiyo tunayaita nafasi, au wajibu wa nafasi. Halafu kuna kaida: sheria ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Na ukivunja kaida kuna adhabu. Huenda usifungwe, lakini utachekwa, utasengenywa, utaachwa nje.

Haya, mbunge kazi yake ni nini? Kifungu cha 95 cha Katiba kinaeleza kazi za Bunge la Taifa: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kugawa fedha za taifa na kuchunga zinavyotumika, kusimamia serikali. Mimi nimekisoma. Hakuna mahali panaposema achange kwenye mazishi. Hakuna mahali pa karo ya mtoto wa jirani wala pesa ya chai baada ya mkutano.

Lakini hebu mheshimiwa aje kwenye mazishi hapa, atoe pole, asome sheria aliyoipigania, halafu aondoke bila kuacha bahasha. Tutasemaje? Tutasema ni mkono birika. Tutasema amesahau watu. Kura zijazo ataziona. Hiyo ni adhabu ya kuvunja kaida, na sisi ndio tunaoitoa.

Kwa hivyo huyu mtu ana nafasi mbili zinazogongana. Katiba inamtaka achunge pesa za umma. Sisi tunamtaka awe mfadhili. Mshahara wake, hata ukiwa mkubwa, hauwezi kulipa mazishi yote ya jimbo zima kila wikendi. Pesa itatoka wapi? Tunajua itatoka wapi. Halafu tunashangaa.

Sisemi hivi kumtetea mwizi. Mwizi ana akili zake na sheria imkamate. Na siwalaumu kina mama wanaopokea ile mia mbili, kwa sababu mtu mwenye njaa leo hawezi kungoja sera ya mwaka ujao. Ninachosema ni kwamba tukibadilisha watu kila miaka mitano bila kugusa kaida, tutapata sura mpya na bahasha zile zile.

Ya nne: sisi na wao.

Mwaka 1906, William Graham Sumner wa Marekani aliandika juu ya kikundi cha ndani na kikundi cha nje. Ndani ni sisi, nje ni wao. Kosa la mmoja wetu tunasema ni lake peke yake. Kosa la mmoja wao tunasema ni la wote. Jaribuni kusikiliza mazungumzo ya matatu na sikio hilo. Afisa wa kwetu akishtakiwa, "wanamwonea." Afisa wa kwao akishtakiwa, "si nilikwambia hawa watu ni wezi?"

Msomi wa Nigeria, Peter Ekeh, alilisogeza jambo hili karibu nasi zaidi mwaka 1975. Alisema ukoloni ulituachia Waafrika umma wa aina mbili. Kuna umma wa nyumbani: ukoo, kijiji, jamii. Huko tunaona aibu kuiba. Mweka hazina wa kamati ya mazishi akila pesa, hatakuwa na pa kuuficha uso. Halafu kuna umma wa serikali, ulioletwa na mgeni kwa ajili ya kutoza kodi na kuamrisha. Huo hatukuuona kuwa wetu, na kuchukua kutoka huko hakuleti aibu ile ile. Mtu anaweza kutoa serikalini akaleta kijijini, na akapigiwa vigelegele.

Nimeliona hili kwa udogo wake chuoni. Wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, mtu ambaye hajawahi kuniona alinipigia simu usiku akaanza kuongea nami kwa lugha ya mama. Jina langu alilitoa kwenye orodha ya wanafunzi wa kaunti yetu. Hakuniuliza lolote kuhusu hosteli wala maji ambayo hukatika kila wiki. Aliniambia tu, "Mwaka huu ni wetu." Nilimuuliza, wetu kufanya nini? Akakata simu. Wa upande mwingine nao walikuwa wakipiga simu zao. Na maji yaliendelea kukatika kwa wote, bila kuuliza mtu anatoka kaunti gani.

Chuoni mwisho wake ni ndoo tupu. Nchini mwisho wake tuliuona. Baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wengine waliuawa na majirani ambao walikuwa wakikopeshana chumvi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wapo humu ndani wanaokumbuka vizuri kuliko ninavyoweza kusimulia. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya utangamano wa kitaifa, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba hakuna ofisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria hiyo inajaribu kufanya umma wa serikali uwe wetu sote. Lakini kila jukwaa linaposema "mwaka huu ni wetu", linaivunja kimoyomoyo.

Sasa, je, mtu hana lake?

Najua swali linalokuja, kwa sababu mzee mmoja aliniuliza kabla sijakaa: "Kijana, ikiwa kila kitu ni muundo, basi hakuna mtu wa kulaumiwa?"

Hapana, mzee wangu. Muundo unapunguza njia zilizo mbele ya mtu, lakini anayetembea bado ni yeye. Afisa aliyeomba hongo alikuwa na mwenzake kwenye dawati la pili ambaye hakuomba. Na muundo wenyewe umetengenezwa na watu, kwa hivyo watu wanaweza kuubadilisha.

Ushahidi tunao. Kabla ya mwisho wa Agosti 2017, ungenunua sukuma wiki bila kupewa karatasi ya plastiki? Ilikuwa kaida. Ungemwambia mtu itaisha, angekucheka. Kisha marufuku ikaanza tarehe 28 Agosti mwaka huo, na adhabu zake zikawa kali. Leo watu wanabeba vikapu na mifuko ya kitambaa. Plastiki haijaisha kabisa, lakini tabia ya mamilioni imebadilika, na si kwa sababu Wakenya waliamka siku moja wakiwa na roho safi zaidi. Sheria, adhabu na mazoea vilisukumana hadi njia mpya ikawa ya kawaida.

Kwa hivyo msibebe dhana hizi kama kisingizio. Zibebeni kama maswali. Mdahalo ujao, mtu akisimama kueleza kwa nini tuko hivi, muulizeni mambo manne.

Moja: shida unayoitaja ni ya mtu mmoja, ama ni ya wengi kiasi kwamba ni jambo la umma?

Mbili: hao unaowasema, walianzia wapi, na nani aliamua waanzie hapo?

Tatu: unaahidi kufanya kazi ambayo Katiba imekupa, ama unaahidi bahasha?

Nne: ukisema "sisi", nani yuko nje?

Akiwa na majibu, msikilizeni, hata kama hatoki kwenu. Akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Nimemaliza. Jumamosi tulikaa na maswali hadi ukumbi ukafungwa, na lile la bahasha za mazishi lilitugawa katikati. Kina mama walisema mchango ni utu na hauwezi kufutwa. Vijana wakasema ukitoka kwa mwanasiasa si mchango tena. Ninyi mnaonaje? Andikeni hapa chini, bila majina.